Shangazi, Mume Wangu Anataka Kugeuza Chumba Changu Kuwa Sauna

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia chumbani, na chumba chenyewe ndicho kilicholeta barua hii.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mzaliwa wa Pangani. Huu ni mwaka wa saba naishi Tampere, Ufini, na mume wangu ambaye ni mtu wa huku. Tumejaaliwa binti mmoja wa miaka mitano. Nina pia mwanangu wa kiume wa miaka 15, niliyemzaa katika ndoa ya kwanza, aliyenifuata huku miaka minne iliyopita. Mume wangu si mtu wa maneno mengi, lakini ni mtu mwema. Halewi, hapigi kelele, mshahara wake naujua na wangu anaujua. Nasema haya mapema ili usije ukanishauri niondoke. Sitaki kuondoka.

Miaka miwili iliyopita tulinunua nyumba ya mbao ya mwaka 1951, zile walizojengewa askari waliorudi kutoka vitani. Chini kabisa, nusu ndani ya ardhi, kuna vyumba viwili: kimoja cha kufulia, cha pili tulikikuta kimejaa makopo ya rangi na matairi. Nikakiomba hicho cha pili. Nilikisafisha mwenyewe, nikakipaka rangi, nikaingiza cherehani yangu na kabati la vitambaa. Nashona madera na nguo za watoto, wateja wangu ni Waswahili wenzangu wa hapa na wa Helsinki. Ndimo ninamoswali. Ndimo ninamopiga simu na mama. Kina kidirisha kimoja usawa wa ardhi, theluji ikijaa kinaziba kabisa, lakini ndani nina taa yangu na harufu ya udi wangu, na hakuna anayeniuliza kitu.

Mwezi uliopita mume wangu akaja na karatasi kutoka kwa fundi, akaiweka mezani tukiwa tunakunywa chai. Ni makisio ya kujenga sauna, kile chumba cha mbao chenye jiko la mawe ambamo watu wa huku hukaa kwenye joto kali watoe jasho, yuro 11,800. Na mahali pa kujenga ni chumba changu. Nikamuuliza, umeamua lini? Akaniambia, bila ubaya wowote usoni, kwamba chumba kile kilikuwa sauna tangu nyumba ilipojengwa, na huyu aliyetuuzia ndiye aliyeng'oa jiko lake. “Tunakirudisha kwenye kazi yake,” akasema. Tukashuka wote. Akanyanyua pembe ya mkeka wangu, akanionyesha tundu la kutolea maji sakafuni. Shangazi, miaka miwili nimeswali juu ya tundu lile, silijui.

Kuna habari ya fedha pia. Akiba yetu ni yuro 15,000. Tulikuwa tumekubaliana kwa mdomo kwamba sehemu itakwenda Pangani kuezeka upya nyumba ya mama. Bati limeliwa na chumvi ya bahari, masika hii mama alilala na sufuria kitandani inakinga maji. Sasa mume wangu anasema paa litakuwa mwakani.

Si kwamba sauna siijui. Mwaka wangu wa kwanza huku nilipelekwa kwenye nyumba ya wazazi wake kando ya ziwa. Jioni mama mkwe akanichukua mpaka kwenye kibanda cha sauna. Mlangoni akavua nguo zote, akazitundika msumarini, akanyoosha mkono niingie naye. Mtu mzima, mama wa mume wangu, mtupu kama alivyozaliwa, ananitabasamia! Nikasema tumbo linaniuma. Nikaenda kukaa garini mpaka walipomaliza. Hakuna aliyeniuliza wala kunilaumu, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyenikaribisha tena. Kila mkesha wa Krismasi wao wanaoga sauna, mimi nabaki jikoni namenya viazi. Nyumba ile iliuzwa baada ya baba mkwe kufariki vuli ya mwaka jana.

Jambo lingine ni mwanangu. Kila Jumamosi baba yake wa kambo humpeleka sauna ya Rauhaniemi, ile ya ufukweni mwa ziwa ambako watu huingia na nguo za kuogelea, kisha hutumbukia kwenye tundu la barafu. Mwanzoni niliogopa atakufa. Anarudi mashavu yamemwiva, anakula kama mlima. Mwezi wa pili mume wangu akanidokeza kwamba mtoto alikuwa anachekwa shuleni kwa lafudhi yake, kwa miezi mitatu, na kwamba alimwambia wakiwa saunani. Mimi mama yake nilikuwa sijui. Sasa mtoto ananiambia, “Mama, acha tuijenge.” Naona wamekuwa wawili, mimi nimebaki peke yangu.

Mashoga zangu kila mmoja na lake. Wa kwanza anasema sauna ni uchi, ni haramu, kataa. Wa pili anasema ukiolewa ugenini ndiyo hivyo, mpe anachotaka. Wa tatu anasema aanze na paa la mama ndipo aguse ukuta wowote. Nimeshindwa kulala. Je, nina haki ya kumkatalia? Na la mwisho: mama anakuja Desemba, ana miaka 66 na anameza dawa za presha. Mume wangu anasema sauna itamsaidia magoti. Ni kweli, au ataniulia mama?

Mshona Madera, Tampere

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma jioni nikaiweka. Asubuhi nikaisoma tena, na safari hii macho yangu yakagota mahali ambapo wewe ulipita bila kusimama. Nitafika hapo.

Kwanza nikurudishie ulichoniambia, uone kama nimekuelewa. Mumeo ameleta makisio ya sauna kabla ya kukuuliza. Sauna yenyewe itameza chumba pekee katika nyumba ile ambacho ni chako. Itameza pia fedha ambazo kichwani mwako zilikwishageuka mabati ya mama. Na juu ya hayo, sauna inakukumbusha jioni uliyokaa garini, na inakuonyesha mwanao akimwambia mtu mwingine siri yake. Haya ni mambo manne au matano, na yote umeyafunga kwenye kitambaa kimoja ukakiita sauna. Ndiyo maana hulali. Ukilala na fundo la namna hiyo huwezi kujua ni lipi linalokuchoma.

Nikupe kisa changu kidogo. Mwaka 2017 nilikaa Turku, mji mwingine wa huko Ufini, miezi miwili na nusu kumwangalia binti wa kaka yangu aliyejifungua. Arobaini ya mzazi katikati ya theluji, na bafu lao dogo, ukikunja kiwiko unagonga ukuta. Nitamkandia wapi? Jengo lao lilikuwa na sauna moja ya wapangaji wote, kila nyumba na saa yake kwa wiki. Yao ilikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Tukasubiri jiko lipoe, tukaacha mlango wazi nusu, nikamkalisha benchi la chini, nikachovya taulo kwenye ndoo ya maji ya moto, nikamkanda mgongo na nyonga kama mama yangu alivyonikanda mimi. Tukitoka tukamkuta bibi mmoja jirani anasubiri zamu yake, ana taulo begani. Binti akamweleza tulichokuwa tunafanya. Yule bibi akanishika mkono asiuachie. Akasema yeye alizaliwa ndani ya sauna, shambani kwao, mwaka 1934, na nyanya yake alipofariki walimwosha humo humo. Chumba safi chenye joto na maji ya moto kilikuwa kimoja tu, basi mtu alianzia humo na kumalizia humo.

Tangu siku ile nikisikia sauna siwazi bafu.

Sasa rudi kwenye barua yako. Umeandika: nyumba ile iliuzwa baada ya baba mkwe kufariki vuli ya mwaka jana. Mstari mmoja, kisha ukaruka kwenda kwa mwanao. Mwanangu, nani alikijenga kile kibanda cha kando ya ziwa? Nani alimfundisha mumeo kuwasha jiko lile akiwa na umri wa binti yenu? Mimi sijui, huenda na wewe hujui. Lakini mtu amezika baba yake, nyumba ya utotoni imeuzwa na kibanda chake ndani, na kabla mwaka haujageuka vizuri anakuja na karatasi ya kujenga sauna. Huyo umesema mwenyewe si mtu wa maneno mengi. Nina dhana kwamba karatasi ile ndiyo maneno yake. Inaweza kuwa dhana tupu. Wewe ndiye unayeweza kumuuliza, na usimuulize habari ya sauna. Muulize habari ya baba yake.

Usielewe kwamba namtetea. Msiba haumpi mtu ruhusa ya kuingia chumba cha mwenziwe na kipimo cha fundi. Ulistahili kuulizwa kabla fundi hajaitwa, na unaweza kumwambia hivyo kwa sauti ya kawaida, bila kusubiri akukosee tena ndipo uyatoe yote kwa mpigo. Ila ujiulize na hili: makisio ni karatasi. Hakuna aliyevunja ukuta. Wewe uliuliza “umeamua lini”, na yeye akakujibu historia ya chumba. Hakusema ameamua. Inawezekana kwake karatasi ile ndiyo njia ya kuanzisha mazungumzo, kama wengine tunavyoanza na “hivi unaonaje?” Na inawezekana kweli ameamua. Hapo usijaze jibu mwenyewe.

Yeye naye anajua nini kuhusu chumba chako? Cherehani anaiona. Mkeka anauona. Anajua kwamba ndimo unamomlilia mama yako akikuambia habari za sufuria kitandani? Anajua kwamba ni mahali pekee katika nchi ile ambapo husahihishwi lugha wala huombi radhi kwa harufu ya udi? Aliponyanyua pembe ya mkeka yeye alikuwa anakuonyesha bomba. Wewe ulikuwa unatazama mkeka uliokunjwa. Mwite siku moja akae humo na wewe, awe na kikombe chake, wewe unashona, umwambie. Watu wa nchi yake wana sauna zaidi ya milioni 3 kwa watu milioni 5.5 na ushei, na mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wao wa sauna kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mtu aliyekulia humo anajua chumba kidogo chenye joto kinaweza kumbeba mtu. Akielewa kwamba tayari unacho chako, nadhani ataelewa haraka kuliko unavyohofia.

Habari ya uchi. Uliyoyaona mlangoni kwa mama mkwe yalikuzidi nguvu, na sikulaumu hata chembe kwa kwenda garini. Sisi tumelelewa na stara, mwili wa mkwe hauutazami. Lakini ule mkono ulionyooshwa, je, umewahi kuutazama kwa jicho lake? Kwao husema ndani ya sauna mtu akae kama yuko kanisani. Si mahali pa mzaha wala pa kutazamana. Mara nyingi wanawake huingia kwa zamu yao, wanaume kwa yao. Mwanamke wa umri ule kumwingiza mke mgeni wa mwanawe saunani ni kama kwetu mama mkwe kukupitisha sebuleni moja kwa moja mpaka chumba cha ndani, akakukalisha kitandani kwake. Alikupa kubwa alilokuwa nalo. Wewe ukaona aibu, naye huenda akaona amekataliwa, na miaka yote hii mnamenyeana viazi bila kuambiana. Mama yule sasa ni mjane. Sikutumi ukavue nguo mbele yake. Nakuuliza tu kama kuna siku ungeweza kumwambia kwa nini ulikwenda garini.

Kuhusu shoga aliyekuambia ni haramu, mimi si mwanachuoni, mtafute sheikh unayemwamini. Ila umpelekee swali lilivyo: kukaa kwenye joto nyumbani kwako, umejitanda kanga, peke yako au na binti yako. Wenyewe hukalia kitambaa kidogo kwenye benchi, kwa hiyo kitambaa si kigeni humo. Kiwe pamba tu, nailoni inachoma. Na hapa kuna jambo ambalo huenda hukuliwaza: sauna ya ziwani ilikuwa ya watu, sauna ya nyumbani ufunguo unao wewe. Inaweza kuwa ndiyo sauna ya kwanza ambayo hakuna wa kukunyooshea mkono. Pengine hata hivyo moyo wako utakataa. Basi umekataa, na “sipendi” ni jibu kamili.

Mwanao ndiye aliyeniuma katika barua hii. Miezi mitatu anachekwa, na wewe ukasikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Maumivu hayo sitakuambia si kitu. Lakini tazama mahali alipoyasema. Mle ndani taa ni hafifu, watu wamekaa bega kwa bega wanatazama mawe, hakuna anayemkodolea mwenziwe macho. Mvulana wa miaka 15 humwaga la moyoni akiwa hatazamwi. Nadhani hakumchagua baba wa kambo akakuacha wewe. Alipata mahali penye nafasi ya kusema. Na baba huyo hakuificha siri, alikuletea. Wewe mbona una mahali pa namna hiyo? Cherehani inalia, macho yako yako kwenye mshono. Mwite akushikie kitambaa unapokata. Usimuulize chochote wiki ya kwanza.

Sasa tuje kwenye ujenzi wenyewe, maana kuna mambo ambayo karatasi ya fundi inaweza kuwa imeyaruka, na wewe una haki ya kuyauliza kama mwenye nyumba.

Nyumba yenu ni ya 1951. Sheria ya Ufini, tangu 2016, inataka nyumba yoyote iliyokamilika kabla ya 1994 ipimwe kama ina asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake huharibu mapafu, kabla ya kuvunjwa kitu. Chumba cha chini chenye mabomba ya zamani ndipo mahali pa kuangalia kwanza, kwa sababu asbesto ilikuwa ikifungwa kwenye mabomba na kuchanganywa kwenye gundi za vigae. Ikikutwa, kuitoa ni kazi ya watu wenye kibali na mavazi yao, na bei inapanda. Je, upimaji umo kwenye zile 11,800? Halafu ukuta ulio ndani ya ardhi hunyonya unyevu kutoka nje. Sauna hujengwa kwa kuweka kizuia joto ukutani, juu yake karatasi ya alumini isiyopitisha mvuke, kisha nafasi ya hewa, ndipo mbao. Ukifunga hivyo ukuta uliokuwa tayari na maji umeyafungia humo, yataozesha polepole na hamtayaona mpaka harufu ipande ngazi. Nani amepima unyevu wa ukuta ule? Ulizeni pia sakafu itazuiwaje maji, na lile tundu kama bomba lake bado linapitisha baada ya miaka yote.

Jiko nalo. Kama ni la kuni, bomba la moshi la zamani lazima likaguliwe na mfagia mabomba ya moshi kabla ya kuwasha hata njiti, na idara ya ujenzi ya manispaa iulizwe kama kibali kinahitajika. Kama ni la umeme, hesabu yao ya kawaida ni kilowati moja kwa kila mita moja ya ujazo ya chumba, na zaidi kama kuna ukuta wa tofali au kioo kilicho wazi. Chumba kidogo cha mita 6 za ujazo kinataka jiko la kilowati 6 hivi. Hilo halichomekwi kwenye soketi. Linavutiwa laini yake na fundi umeme mwenye leseni, na nyumba kuukuu inaweza kudai fyuzi kuu zibadilishwe. Jioni moja ya sauna hula yuniti 8 mpaka 10. Mnakumbuka bei za umeme zilivyopaa kipupwe cha 2022, wenyewe wakawa wanapunguza siku za kuoga. (Jambo dogo lililonifurahisha Turku: mabenchi mengi ya sauna zao ni ya mti uitwao abachi, unaotoka misitu ya Afrika Magharibi, kwa kuwa mbao yake nyepesi haiunguzi ngozi. Nilikalia Afrika kule, sikujua.)

Njia nyingine zipo. Nyumba za aina yenu mara nyingi zina chumba juu, chini ya paa. Cherehani inaweza kupanda huko, kuna mwanga zaidi, ila utasikia kila mtu anayepita na ukimya wako utapungua. Sauna inaweza kujengwa uani badala ya ndani: unabaki na chumba chako, yeye anapata kibanda kinachofanana na kile cha baba yake, lakini bei huenda ikazidi na kuna masharti ya kukaa mbali na mpaka wa jirani. Huko kuna pia sauna za kukokotwa na gari, watu hukodi kwa siku mbili tatu. Mnaweza kuikodi wikiendi moja, ikae uani, nyote mwone mnaitumiaje. Au chumba cha kufulia kichunguzwe. Au mambo yabaki yalivyo, Rauhaniemi kila Jumamosi, na wewe siku moja uende ukae ufukweni na chupa ya chai ukiwangoja. Watu humo wamevaa.

Kumkatalia, haki unayo. Nyumba ni yenu wote na akiba ni yenu wote. Hatari ya kukatalia bila kusema zaidi ni kwamba atakubali, kwa kuwa ni mwema, na lile alilotaka kulisema kwa sauna litarudi ndani. Hatari ya kukubali bila kusema zaidi ni yako: utakuwa unashonea kwenye meza ya chakula, unakunja vitambaa kila watu wakitaka kula, na kila moshi ukipanda utaona mkeka wako. Kipi kati ya hivyo unaweza kuishi nacho, hilo mimi siwezi kukuchagulia.

Lakini kwenye fedha nina neno. Sauna ina karatasi, paa la mama lina maneno tu. Karatasi ikikaa mezani na maneno, karatasi hushinda, hata pale pasipo na dhamira mbaya. Mtafute fundi wa Pangani apande, apime, akuandikie idadi ya mabati, mbao, kofia na misumari, pamoja na ufundi. Uliza bati lenye mchanganyiko wa alumini na zinki, geji 28; kwa upepo wa bahari lile jembamba la geji 30 la bei rahisi litakurudisha hapo hapo. Picha ya ile sufuria kitandani iambatane. Kisha karatasi mbili zikae mezani pamoja, na ile akiba, na kalenda. Ulizeni pia ofisi ya kodi, kwa sababu huko sehemu ya gharama ya ufundi wa nyumbani, si ya vifaa, huweza kupunguzwa kwenye kodi. Huenda mkaona yote mawili yanawezekana kwa zamu, huenda mkaona hayawezekani. Ila mtakuwa mnaongea kuhusu kitu kile kile.

Na mama. Mumeo hakusema uongo na wewe hujakosea kuogopa. Watafiti wa Kuopio, mji wa huko huko Ufini, waliwafuatilia wanaume 2,315 kwa miaka kama 20, wakachapisha mwaka 2015 kwamba walioingia sauna mara nne hadi saba kwa wiki waliokufa kwa maradhi ya moyo walikuwa wachache kuliko kati ya walioingia mara moja. Lakini hao ni wanaume waliokulia humo, na utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi kwamba ni sauna iliyowaokoa. Mama yako ni mgeni wa joto kavu. Joto hutanua mishipa, presha hushuka, na kwa anayemeza dawa, hasa zile za kukojoa, anaweza kusimama ghafla akaanguka. Kwa hiyo daktari wake wa huko nyumbani aulizwe kabla ya safari, akitajiwa dawa kwa majina. Akiruhusu, iwe benchi la chini, moto mdogo wa nyuzi 60 hivi, dakika tano za kwanza, mtu yuko naye, maji ya kunywa karibu, na akinyanyuka anyanyuke taratibu. Akisikia kizunguzungu au kifua kubana, anatoka. Magoti yatapata nafuu ya saa kadhaa, asitarajie kupona. Tundu la barafu asilisogelee kabisa, kwa sababu baridi ile hupandisha presha kwa kishindo.

Mwambie afungashe kanga mbili za ziada, moja ya kujitanda na moja ya kukalia.

Shangazi yako